Jina Pembeni mwa Mstari

Wifi yangu alikuwa hashiki kipanya cha kompyuta. Chake alikizungushia waya akakitupa kwenye droo pamoja na chaja mbovu, akabaki na vitufe tu, na kwa jinsi alivyovipiga, ofisini kwao walimwita Bi Vidole. Jina lilimkaa. Hata watoto wake walimwita hivyo wakitaka kumchokoza.

Mimi ni msusi. Mambo ya kompyuta nimeyajulia kwenye kiti changu cha saluni, wifi akiwa amekaa mbele yangu, kichwa mikononi mwangu, anasimulia kazi yake jinsi wengine wanavyosimulia ugomvi wa majirani. Kwa hiyo nikiteleza mahali, mafundi wanisamehe. Ila wasije kunifundisha habari hii yenyewe, maana imenikaa kooni.

Walikuwa wanaandika programu, yaani maagizo ya kuiambia mashine ifanye nini, mstari kwa mstari. Kila mtu akimaliza kipande chake anakiweka kwenye stoo moja ya pamoja, na stoo hiyo haisahau: nani kaongeza mstari gani, nani kafuta upi, siku gani. Kuweka huko wenyewe wanaita kukomiti. Wenzake wakitaka kukomiti walitoka kwenye ukurasa wanaoandikia, wakafungua dirisha jingine jeusi, wakaandika amri ndefu, wakakosea, wakatukana, wakaanza upya. Wifi hakutoka. Humohumo kwenye ukurasa wake alibonyeza vitufe viwili akaona tofauti ya jana na leo, vilivyoongezwa kwa rangi ya kijani na vilivyotolewa kwa nyekundu. Akibonyeza vingine, kazi inaingia stoo. Vingine, mstari alioharibu asubuhi unarudi ulivyokuwa. Siku moja nilimpelekea ufunguo wa nyumba ofisini, nikasimama nyuma yake nikamwangalia. Nilimwonea wivu, sifichi, na mimi mwenyewe vidole vyangu vinasifiwa mtaa mzima.

Mumewe ni mdogo wangu, tumbo moja. Nilimbeba mgongoni hadi mgongo ukapinda, na nilimpenda kijinga, kama dada wa kwanza wanavyopenda. Naye alifanya kazi hapohapo, meza ya tatu kutoka kwa mkewe. Si mjinga. Ana akili nyingi tu, ila ni mtu wa pupa, anayeondoka dukani bila kusubiri chenji. Basi pupa hiyo ilimfikisha pabaya: aliandika amri moja vibaya kwenye lile dirisha jeusi, akafuta kazi ya mwenzake ya wiki kadhaa. Bosi wao alifoka mpaka watu wa ghorofa ya chini wakatoka kwenye korido kusikiliza.

"Kuanzia leo," bosi akamwambia mbele ya wote, "kazi yako haiingii stoo mpaka niikague kwa macho yangu. Hata nukta."

Adhabu hiyo ingekuwa ya haki kama bosi angekuwa anakaa ofisini. Bosi alikuwa mtu wa safari. Kazi ya mdogo wangu ikalundikana haijakaguliwa, wiki inaisha, na ukitazama stoo unaona wote wamefanya kitu isipokuwa yeye. Wenzake wakaanza kumtania, eti mlinzi wa getini anaandika programu kuliko yeye. Akawa anarudi nyumbani na hali chakula vizuri. Wifi alivumilia akashindwa.

"Nipe," akamwambia. "Nitakuwekea mimi kama yangu. Nani atajua?"

Kwenye ukurasa ule kuna mahali pa kuandika jina la mwenye kazi, kama si wewe unayekomiti. Wifi alinieleza hilo mwenyewe. Hakupagusa, maana jina la mumewe lingemrudisha kwa bosi. Mume alimpelekea faili, mke akalifungua, akabonyeza vitufe vyake, kazi ikaingia kwa jina la Bi Vidole. Mwanzoni alisoma kila kipande cha mumewe kwa makini, akakubali hiki, akamrudishia kile. Kusoma tofauti kipande kwa kipande ni kazi ya dakika chache kwake. Baadaye ikawa mazoea, na mtu unayelala naye kitanda kimoja huanzi kumkagua kila siku kama mpita mpakani. Kulikuwa na kitufe cha kuchukua vipande vyote kwa mpigo.

Kazi waliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa ya hospitali. Uani mwa hospitali kulikuwa na mitungi mikubwa ya gesi ya kupumulia, na mabomba yanayoipeleka wodini. Programu yao ilipima gesi iliyobaki, na ikishuka hadi robo, kengele ilie kwenye chumba cha wauguzi ili watu wa stoo ya hospitali wabadilishe mitungi. Ndiyo kazi yote. Hakuna maajabu hapo, ila maisha ya watu yalining'inia kwenye ile robo.

Wauguzi walilalamika kwamba mlio wenyewe ni mbaya, unashtua wagonjwa. Mdogo wangu akapewa kazi ya kubadilisha mlio. Akawa anaujaribu mezani kwake, kengele inalia, anarekebisha, inalia tena, na ofisi nzima inamrushia maneno. Fundi wa meza ya jirani akamwambia akiendelea hivyo atamtia ngumi. Basi akaingia kwenye ule mstari wenye robo, akaandika sifuri, ili kengele inyamaze aendelee na shughuli nyingine kwa amani. Alikusudia kuirudisha. Hakuirudisha.

Mchana ule akampelekea mkewe faili. Wakati huohuo simu ikaita kutoka shuleni: mtoto wao wa kwanza kaanguka kwenye ngazi, jino limetoka, damu haikatiki. Wifi alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Niwekee na hii kabla hujatoka," mume akasema. "Ni mlio tu."

Akainama, akabonyeza. Vyote kwa mpigo. Kama angekuwa kama wenzake, na lile dirisha lao jeusi na amri zao ndefu, angemwambia subiri nikirudi. Lakini kwake ilikuwa pumzi moja, na wepesi ule tuliokuwa tunaushangilia ndio uliotuponza. Aliandika maelezo yaleyale aliyozoea kuandika kwa kazi za mumewe, "marekebisho madogo", akakimbilia kwa mtoto.

Gesi iliisha hospitalini siku moja saa za kuona wagonjwa, wodi imejaa ndugu na mifuko ya matunda. Kengele haikulia. Kufikia mtu wa stoo kutafutwa, ufunguo kutafutwa, mtungi kuburutwa, walikuwa wamekufa wawili: mzee mmoja aliyekuwa ameahidiwa kutoka keshoye, na mama aliyejifungua kwa upasuaji juzi yake. Mtoto wa yule mama alikuwa mikononi mwa bibi yake, pembeni ya kitanda. Nimeambiwa bibi alikuwa anapiga kelele "leteni hewa, leteni hewa", na hewa imejaa dirishani.

Mpelelezi alikuja ofisini kwao. Akawakusanya kwenye chumba cha mikutano, akataka aonyeshwe mstari wa kengele, na nani aliuandika. Bosi akamwambia Bi Vidole afungue, kwa sababu yeye ndiye mwepesi. Akaunganisha kompyuta yake na skrini kubwa ya ukutani. Akafungua faili. Akauona mstari, akaiona sifuri, na hapo alijua, kabla ya kubonyeza chochote, maana yeye mwenyewe hakuwahi kugusa mambo ya kengele.

Kuna vitufe ambavyo ukibonyeza, pembeni mwa kila mstari linatokea jina la aliyeuandika. Mpelelezi hakuvijua. Wafanyakazi wote walivijua na walikuwa wanavisubiri. Wifi akavibonyeza. Jina lake likatokea pembeni ya ule mstari, na juu yake, na chini yake, ukurasa mzima. Hata waliojua mlio alipewa mumewe wakadhani alimwachia yeye amalizie.

"Huyu ni wewe?" mpelelezi akauliza.

Wifi akamtazama mumewe. Mdogo wangu alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, anakwaruza doa kwenye suruali yake. Hakuinua macho. Wifi akampa muda. Aliniambia alimpa muda wa kutosha mtu kumeza mate na kufungua mdomo.

"Ni mimi," akasema.

Niliyajua haya yote wiki mbili baadaye, alipokuwa ametoka kwa dhamana na kesi ipo mahakamani, shitaka la kusababisha vifo kwa uzembe. Alikuja saluni asubuhi, sijafungua vizuri, akakaa kitini akasema nimfumue nywele. Nilikuwa nimemsuka vizuri, bado hata hazijachakaa.

"Kwa nini unafumua?"

"Huko ndani wananyoa, wifi. Bora niende nazo nyepesi."

Nilimtukana. Nikamwambia hajahukumiwa, anajichimbia kaburi. Ndipo akanisimulia, taratibu, mimi nikifumua msuko mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika mahali pa mdogo wangu nilivuta nywele bila kukusudia, akasema "Aa, wifi, kichwa changu hakina kosa." Tukacheka. Kisha nikakaa chini sakafuni kwenye nywele za watu nikalia kwa hasira.

Nilitoka na aproni yangu mpaka nyumbani kwao. Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Sasa amekuwa mtu wa kupiga pasi!

"Utakwenda polisi leo," nikamwambia. "Au nikupeleke nimekushika sikio?"

"Dada, unafikiri sitaki?" Aliiweka pasi. "Nikisema, tunaingia wawili. Yeye ameweka bila kukagua, mimi nimeandika. Watoto watabaki na nani? Na wewe?"

"Na mimi, ndiyo! Kwani mimi jiwe?"

"Yeye mwenyewe amekataa. Muulize."

Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa kweli. Wifi alikuwa amekataa. Walikuwa wamezungumza mara moja tu, mlango umefungwa, na wifi akasema mmoja abaki na watoto, na kwa kuwa jina lililopo ni lake, aende yeye. Mwanamume mwenye damu angebisha mpaka asubuhi. Mdogo wangu alibisha kidogo, akanyamaza. Tangu hapo wakawa wanaishi nyumba moja kama wapangaji, wanapishana jikoni.

Kesi ilipokaribia, wifi akaja tena saluni. Nywele zake alishazikata, fupi, nikawa namchana tu, sina cha kufanya lakini sitaki aondoke. Simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa mdogo wangu. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikaubonyeza kwa kifundo cha kidole, ukasikika saluni nzima. Bahati hakukuwa na mteja.

"Dada," sauti ikasema, "kuna kampuni nyingine inataka kuniajiri, hii yetu inafungwa. Wanataka kuona kazi zangu, na ukiangalia kule stoo jina langu halipo popote. Kazi zote zile nimeandika mimi, yeye alikuwa ananiwekea tu, unajua. Sasa niulizie, maana hatuongei vizuri: kuna namna ya kubadilisha majina ya zamani? Aniambie ni vitufe gani. Yote yasomeke jina langu. Isipokuwa ule mstari wa kengele, ule auache."

Nilibaki na kitana hewani. 

 Kisha, nisiamini macho yangu, vidole vya wifi vikaanza kutembea kwenye kanga aliyojifunika mapajani, kwa mpangilio, kama mtu anayekumbuka njia. "Inawezekana," akasema. "Mwambie inawezekana, ila ukigusa mstari wa nyuma, vyote vilivyokuja baadaye vinavurugika. Itabidi awaombe wote ofisini waichukue upya stoo. Wataona."

"Wifi! Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Amekiri! Kwa mdomo wake! Hii inakwenda kwa wakili wako leo hii, saluni nafunga sasa hivi."

Nikaanza kujifuta mafuta. Nilikuwa na furaha, ya ajabu, ya kishenzi, furaha ya kwenda kumfunga mdogo wangu mwenyewe. Nataka niiseme kama ilivyokuwa. Nilimwona tayari wifi yupo nyumbani, kipanya chake kwenye droo, watoto wanamchokoza.

"Hebu," akasema, "niisikie tena."

Nikampa simu. Akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, amefumba macho. Kisha akaishusha mapajani. Kidole gumba chake kilipita mara mbili, wala hakutazama. Akanirudishia. Nikatafuta ujumbe, nikapanda juu, nikashuka chini, haupo.

"Umefanya nini?"

"Mtoto wetu wa mwisho hajafika hata darasa la kwanza, wifi."

"Wewe si ndiye unayejua kurudisha vitu?" nilipiga kelele. "Irudishe! Irudishe sasa hivi!"

Akanishika mikono yote miwili, na mafuta yake, akanishikilia hivyo mpaka nikachoka kupiga kelele. Aliponiachia alinichana yeye, mimi nimekaa kitini kwangu kama mteja. Hajui kusuka hata kidogo. Alinifanya kichwa kama cha mtu aliyetoka kugombana.

Nilikwenda kwa wakili hata hivyo. Akaniuliza ujumbe uko wapi. Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia anitumie tena ile sauti, sikuisikia vizuri.  "Sauti gani, dada?" akasema.

Siku ya hukumu chumba kilijaa. Mume wa yule mama aliyefariki alikaa benchi ya mbele na mtoto begani, mtoto amekua, anavuta kola ya baba yake. Ndugu wa yule mzee walijaza benchi nzima. Sikuwachukia. Walikuja kuona mtu akilipa, na walikuwa na haki ya kuona. Mdogo wangu alikaa karibu nami, shati limepigwa pasi. Wifi alisimama kizimbani na nywele zake fupi, mikono ameishikanisha mgongoni kana kwamba anaificha. Alikuwa amekiri kosa. Kilichobaki kilikuwa miaka mingapi.

Hakimu akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla hajasoma.

Nikasimama. Wakili alinivuta gauni, sikujali. Nikasema mheshimiwa, huyu hakuandika ule mstari. Ameuandika mumewe, huyu hapa, mdogo wangu wa damu. Yeye alimwekea tu. Nikasema nimesikia kwa masikio yangu. Chumba kizima kikageuka, na yule baba mwenye mtoto akageuka pia, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kaburi alilolilia si lenyewe.

Hakimu akavua miwani. "Una ushahidi wowote, mama?"

"Nilikuwa nao."

"Uko wapi?"

Nilimtazama wifi. Alikuwa ananitikisia kichwa, kidogo, polepole, ananiomba. 

Hakimu akamgeukia mdogo wangu, akamwambia asimame. Akasimama. Mguu wake ulikuwa unagusa wangu. Nilimwomba Mungu pale, nikisema mfungue mdomo huyu mtoto niliyembeba, mara hii moja tu.

"Unayasemaje haya?"

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "dada yangu ana uchungu. Wanapendana sana na mke wangu. Kazi ile ni ya mke wangu. Jina lake lipo pale."

Hakimu akamuuliza mshtakiwa kama ndivyo.

Wifi alimtazama mumewe kwa mara ya mwisho, kwa muda mrefu, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona siku zote zile, hata kwenye kiti changu: alikuwa bado anamsubiri. Pamoja na yote aliyoyafuta na kuyakubali, alikuwa bado anangoja aseme.

"Ndivyo," akasema.